Mjukuu Ametambaa, Nimeenda Naye Kituoni

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mtoto usimtafute, niko naye.

Asubuhi nilimweka sakafuni. Akatambaa mpaka kwenye kiatu changu, akakipiga makofi huku anasema, “Ba! Ba! Da!” Miezi kumi kimya, leo mikono imemfungua mdomo!

Kule kituo cha watoto wanamfunga kitini kutwa nzima, halafu mkuu wao ananiambia, “Mzee, huyu bubu, mzoeeni tu.” Marehemu mama yako alisema, “Mwacheni atambae, ataongea.” Mimi mjinga nikawasikiliza wenye vyeo.

~~Nitazungumza naye kistaarabu.~~ Namweka mtoto juu ya meza ya huyo mkuu, wazazi wote wakiona, ampigie kelele mpaka achoke.

Mkasi wako nimeuchukua. Kile kiti leo kinabaki bila mkanda.

Babu wa huyo “bubu”