Maji Yanayotulia Kabla ya Kuruka

Bogoria, Kenya
4 Machi 1993

Dada Dorika, shikamoo.
Mimi mzima kama dume la mnada, sijui ninyi, na baba na miguu yake. Wewe endelea kupanga mitumba hapo Mtinko, mwenzako natembeza wazungu! Niliishia la sita lakini sasa mimi ndiye mwalimu. Huku maji yanaruka kutoka ardhini, yanapita paa la nyumba ya mwenyekiti. Sikiliza somo: chini kuna mawe ya moto, maji yanachemka, ila njia ya kutokea ni nyembamba na maji ya juu yanayakandamiza, kama sufuria uliyoibana mfuniko kwa jiwe. Mvuke ukizidi, unafyatua yote juu! Kisha shimo linatulia, linajaa upya. Mzungu mmoja kaniambia yapo Aisilandi, Nyuzilandi, Marekani, sehemu chache tu duniani. Mwambie baba haya yangemponya miguu kwa siku moja, arudi kucheza ngoma!
Mdogo wako, Alute

Mtinko
20 Aprili 1993

Alute, marahaba.
Sisi hatujambo, isipokuwa baba. Kila mgeni anasomewa barua yako. Unajua anavyoiamini chemchemi yetu ya vuguvugu, tunakoloweka wagonjwa hadi magotini. Anasema kama hii inatuliza, hiyo inayoruka itamaliza kabisa. Mavuno yakiisha atadandia lori la vitunguu pale Shelui, aje huko kwako. Wewe na mdomo wako! Ni kweli yanatibu? Jibu upesi.
Dada yako, Dorika

Bogoria
25 Mei 1993

Dada, shikamoo. Ya afya tutaulizana baadaye.
Mzuie! Nilikuwa natania. Haya yanachuna ngozi. Na ubaya wake, yakisharuka shimo linakaa kimya kama dimbwi la kunyweshea ndama. Mdanganye nimehama, sema lolote.
Mdogo wako, Alute

Bogoria
3 Julai 1993

Dada Dorika, shikamoo.
Baba alifika Jumanne, nadhani kabla barua yangu haijakufikia. Nilikuwa nimewapeleka wageni ziwani kuona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Dereva aliyemleta anasema shimo lilikuwa limetulia, baba akacheka: "Kumbe ni kama la kwetu." Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia.
Hospitali alikaa siku mbili. Ya pili aliniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Hakusema tena.
Tumemzika huku, kumfikisha Mtinko sikuweza.
Wakiuliza nani alimwambia yanatibu, taja jina langu.
Mdogo wako, kama bado unanitaka,
Alute