Nilisema Mwanangu Alikuwa Daktari

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi nipokee kama mama yako, maana nina jambo linaninyima chakula na sina wa kumwambia. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, mwandiko nivumilie, lakini kuzaa nilizaa. Kitinda mimba wangu ndiye yule mrefu mwenye uso usiocheka kwenye ile filamu mpya ya vichekesho, ya wafanyakazi wanne wa hoteli isiyopata wageni, bango lake limebandikwa mpaka ukuta wa sokoni, yeye ndiye wa katikati, na nisijisifu lakini ukilitazama lile bango jicho linaenda kwake kwanza.

Sasa mwongozaji wa filamu hiyo hakutaka waigizaji waliosomea, alitafuta watu na kazi zao, anayecheza meneja alikuwa muuza nyama, mama mpishi alikuwa askari magereza, wa mapokezi alikuwa mpiga picha za pasipoti, na mwanangu alikuwa mochwari, miaka tisa, kuosha maiti na kuwavalisha na kuwakabidhi kwa ndugu zao. Huko ndiko alikoupata ule uso. Aliniambia mwenyewe kwamba mbele ya mfiwa huwezi kuukunja uso wala kuukunjua, unauacha kama ulivyo, basi uso huo ukiuweka kati ya watu wanaopiga kelele, ukumbi mzima lazima uvunjike mbavu.

Ila mimi miaka yote tisa neno mochwari halikunitoka mdomoni hapa tunapoishi, nyumba ya vyumba sita, korido moja na bomba moja uani. Nilikuwa nasema yuko hospitali. Wakiuliza anafanya nini nasema kazi za ndani ndani huko. Na kweli ni ndani.

Gazeti likataka kuandika kazi walizotoka hao wanne, wakamtuma mwandishi kwangu, binti mpole na daftari lake, na mwanangu alikuwa safarini wanarekodi, alinipigia asubuhi akasema mama mwambie ukweli, ndiyo sifa yenyewe ya filamu, nikasema sawa baba. Lakini yule binti alipoketi kwenye kochi langu, mlango uko wazi, na majirani wawili wanajifanya wanaanika nguo palepale, akauliza, "Mama, kabla ya filamu mwanao alikuwa nani?", mdomo ukasema daktari. Sikupanga. Nikaongeza kwamba wagonjwa walimlilia asiondoke. Ikatoka hivyohivyo gazetini, muuza nyama, askari magereza, mpiga picha na daktari. Mwanangu hakunigombeza, kwenye simu alisema tu, "Mama, wale wa kwangu hawakuwahi kulia." Alitaka kumwambia mwandishi arekebishe, nikamsihi angoje filamu ionyeshwe kwanza, akakubali kwa ajili yangu.

Tangu hapo nikaitwa mama daktari. Jirani yangu fundi cherehani, tumeishi ukuta kwa ukuta miaka kumi na minne, alikikata kile kipande cha gazeti akakibandika juu ya mashine yake. Jumatano moja mchana akaja mbio, mumewe, fundi viatu, kifua kimembana, jasho linamtoka na mkono wa kushoto umekufa ganzi, akasema, "Mama daktari, nimpeleke au nisubiri? Niulizie kwa mwanao." Hospitali ni nusu saa tu kutoka kwetu. Nikaingia ndani na simu. Mshauri, sikupiga. Nilijua atasema mama, mimi nawajua wakishakufa tu, na jirani amesimama mlangoni sikio wazi. Nikaweka simu iliyozimwa sikioni, nikaitikia eeh, eeh, sawa daktari wangu, nikatoka nikamwambia ni gesi, mpe maji ya vuguvugu, mlaze ubavu apumzike, kwa sababu mimi niliwahi kubanwa kifua na nesi akaniambia ni gesi. Alinishukuru kwa magoti. Alhamisi saa nne asubuhi fundi viatu akafa.

Jioni yake mwanangu akarudi. Alikwenda mochwari kwa wenzake wa zamani akawaomba wamwachie amhudumie jirani yake mwenyewe, akamwosha, akamchana ndevu, akamtoa kwenye kucha ile rangi ya viatu ambayo mkewe miaka yote aliisugua ikamshinda. Tulipokwenda kuuchukua mwili, mjane aliishika ile mikono akaitazama sana, akauliza, "Nani amempenda mume wangu kiasi hiki?" Mimi nilikuwa nimemshika bega. Mwanangu alikuwa nyuma ya mlango, nilimwomba asionekane.

Habari ya simu mwanangu haijui. Mjane naye anamwambia kila anayekuja kumpa pole kwamba daktari alisema alazwe ubavu, labda mimi nilimlaza ubavu siyo, na anauliza watu, ni wa kulia au wa kushoto. Shemeji zake wanasema watakwenda hospitali alikokuwa kumshtaki huyo daktari. Filamu inaonyeshwa kwa mara ya kwanza Jumamosi ijayo, na gauni la siku hiyo alinishonea yeye. Nipe maneno ya kumwambia ili atulie, shemeji zake wasifike huko, na siku ya mwanangu isiharibike.

Ni mimi, mama wa yule wa katikati.

MSHAURI ANAJIBU

Mama, umeniomba maneno. Maneno unayo mengi kuliko mimi, na ndiyo yaliyokufikisha hapo.

Pole. Naisema kwa moyo, maana hukutaka mtu afe. Pengine hata angepelekwa angefia njiani. Pengine leo angekuwa amekaa kibarazani anagonga kisigino cha kiatu. Hutajua kamwe, na huko kutojua ni mzigo wako. Sasa mbona umemtwisha mwenzio? Huyo mama anadhani amemuua mumewe kwa kumlaza vibaya. Anahesabu mbavu, kulia, kushoto, na wewe uko upande wa pili wa ukuta unamsikia, unawaza gauni.

Usiniambie unamlinda mwanao. Alikuambia mapema useme ukweli. Shemeji wakifika hospitali wataambiwa daktari huyo hakuwahi kuwepo, na atakayeitwa tapeli ni mtu ambaye siku ile simu yake haikulia.

Leo hii, kabla hujainjika chungu jikoni, mwite mwanao umwambie habari ya simu. Atanyamaza. Mwache anyamaze, na usimtume akakusemee. Kesho nenda mwenyewe kwa jirani, shemeji zake wakiwepo, useme: sikumpigia mtu, yale maneno yalikuwa yangu, na wewe hukukosea ubavu wowote. Usianze na filamu. Usiseme shetani alikupitia. Wakikufukuza, toka. Wakitaka kukufikisha kwa wakubwa, vaa viatu uende nao. Wala usimwombe msamaha siku hiyohiyo, huko ni kumdai mfiwa kitu kingine tena. Kisha mpigie yule mwandishi arekebishe kabla ya Jumamosi. Gauni likunje uliweke. Ukumbini mwanao ataenda peke yake, uso anao.

Na wewe msomaji mwingine, mtu akibanwa kifua na mkono ukafa ganzi, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Usimuulize msanii wala mama yake.

Kuna swali moja la jirani yako hujalijibu, mama. Aliuliza nani amempenda mume wake kiasi kile. Ukishayasema yote hayo, na kama bado anakusikiliza, mjibu. Mwambie: ni mwanangu, alikuwa anaosha maiti, miaka tisa, na ndiye aliyemwosha mumeo. Ulikuwa na jambo la kujivunia mbele ya nyumba nzima, na ukalisimamisha nyuma ya mlango.