Ziara ya Kwanza ya Colleen

Delbert rafiki yangu, nimeaibika mbele ya wageni kumi na wawili, na hadi sasa siamini masikio yangu.

Leo mjukuu wangu Colleen alikuwa akijaribiwa kazi ya kuwatembeza watalii mjini kwetu, nami nikaandamana nao. Mkuu wa makumbusho alimfuata nyuma, akimpima kila neno.

Tulipofika kwenye daraja la mbao lenye paa, nilishindwa kujizuia. Nikatangaza kwamba babu yangu ndiye aliyelijenga. Umenisikia nikisema hivyo miaka hamsini.

“Samahani, Babu,” akasema Colleen. “Daftari la mafundi linasema huyo babu yako alifanya kazi siku tatu tu, akafukuzwa kwa ulevi.”

Kwa ulevi, Delbert! Mbele za watu!

Bwana mmoja wa Chicago akaangua kicheko. “Mzee, leo umepatikana!”

Colleen akamtupia jicho mkuu wa makumbusho, aliyekuwa ameanza kuandika. Nikatambua kwamba nikibisha, mtoto ataikosa kazi.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. “Mwalimu, alilewea wapi?”

“Baa ile yenye mlango mwekundu, Babu. Ndiko tunakoelekea sasa.”

Kazi ameipata. Nami, ambaye sijaonja pombe tangu nizaliwe, nilikuwa wa kwanza kuvuka barabara.