Salamu Zako Nimezifikisha Kasongo

Shabani, ndugu yangu,

Nimefika. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza hilo kwanza. Nimefika Kasongo, nimesimama mbele ya kaburi la shehe wako, nimemwambia unamsalimu.

Tangu tukuzike, butiki yangu iko kimya. Lakini lo, ulikuwa unachosha! Mteja anataka sabuni, wewe unamuuliza kwao samaki wanakaushwa kwa kuni gani. Wachimbaji wa Pangi walikuletea mawe, si ya kuuza, ya kuangalia tu. Redio uliifungulia lugha usiyoijua, eti unasikiliza namna watu wa huko wanavyocheka. Viazi vya kwetu Butembo ulivipanda nyuma ya nyumba, katika joto hili la Kindu, vikaoza vyote, na ukafurahi: "Sasa najua!" Ulikwenda Punia kwa baiskeli kuona kama matope yake ni mabaya kama wanavyosema. Mutu muzima! Nilikucheka sana, na sasa sina wa kumcheka.

Wakati wa vita, waliposema sisi watu wa Kivu ndio tumeleta maadui, butiki ikavunjwa. Askari walisimama njiani wanaomba karte, wajue mtu ametoka wapi. Wewe ulituficha, mke wangu na mimi, kwenye zawiya yenu, pale mnapokutana kwa dhikri. Ulinivika kanzu yako, ikanifika magotini. Alhamisi ya dhikri hamkupiga dufu wala kuinua sauti, mlivuta pumzi tu, na jina la Mungu ndani yake. Mimi Mukristu nilikaa nyuma, macho yangu mlangoni. Ukageuka, ukaninong'oneza: "Pumua na sisi, Kambale. Mungu haombake karte." Nikapumua nanyi mpaka mwisho.

Kila mwaka ulipanga kwenda ziara Kasongo. Mara njia imefungwa, mara hakuna nauli, halafu miguu ikakataa. Kwenu, asiyeweza kwenda hutuma salamu kwa msafiri, na salamu hiyo ni amana; aliyeipokea hana raha mpaka aifikishe. Ulijua watoto wako hawatazibeba salamu zako. Musa, mkubwa wao, amefuata mafundisho mapya, na kwake kusalimu kaburi ni haramu. Ndiyo maana pale kitandani ulinishika mkono mimi, ukanikabidhi. Musa alikuwa mlangoni, akasikia yote.

Baada ya arobaini alinijia. "Papa Kambale, ile mambo uache. Ukienda, unamuongezea baba dhambi." Iliniuma, Shabani. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni wakati wa vita. Nikienda, nitampoteza. Nisipokwenda, nitakutazama vipi siku tutakapoonana? Nilikaa na hilo siku nyingi. Mwisho niliwasha pikipiki.

Nilipita Kibombo, nikaendelea, mto nikauvuka kwa mtumbwi. Kaburini nilivua viatu kama ulivyonifundisha. Halafu mkono wangu, kwa mazoea tu, ukafanya alama ya msalaba. Aibu gani hiyo! Mama mzee anayefagia pale aliniona, nikajua sasa nafukuzwa. Akaniuliza tu: "Umetumwa na nani?" Nikataja jina lako, na hapo machozi yakanitoka, mbele ya mtu nisiyemjua. Alinipa maji. "Zimepokelewa, baba. Kaa upumzike."

Niliporudi, Musa hakunisalimia. Tulipishana barabarani, akatazama pembeni. Mke wangu akaniambia nivumilie. Jana Musa akaingia butiki, akazungukazunguka kwenye mifuko ya mchele, akauliza bila kuniangalia: "Walizipokea?"

Nikamwambia zimepokelewa. Akakaa chini pale pale, na kanzu yake nyeupe, akalia. Siku ya mazishi hakulia. Sikumwambia neno la dini. Nilimshika bega, basi.

Pumzika sasa, ndugu yangu, hudaiwi salamu na mtu. Na mimi nakuahidi: mwanao sitamvuta wala sitamshinda kwa maneno, ila mlango wangu hautafungwa kwake, na lolote asiloweza kukuletea mwenyewe, nitakuletea mimi.

Maana alipokuwa anatoka, alisimama mlangoni akasema, "Papa Kambale, ukipita kule kwa baba..." Hakumaliza. Akaenda zake.

Kesho asubuhi nakuja makaburini. Mwanao anakusalimu.

Kambale