Mipapai ya Vikonyo vya Zambarau

Jumatatu, 7 Septemba 1953
Nimemaliza mistari minane, mipapai ishirini kila mstari. Kisima kinaelekea kukauka. Mke wangu, Mama Kulwa, amebeba ndoo kumi na mbili kabla jua halijawa kali, mimi nikitembea na daftari kama bwana mkubwa. Nimejiona mjinga kidogo.

Maua yameanza. Dume hutoa maua ya kuning'inia kwenye vijiti virefu, jike hulikalisha ua lake shinani. Kabla ya hapo hakuna ajuaye, na mke wa mtu hubeba maji miezi minane kuunywesha mti usiozaa. Nataka tujue mche ungali kitaluni. Babu yao ni dume la vikonyo vya zambarau nililolitoa Runzewe. Bibi na mama ni wa kijani, baba kamfuata babu. Kama zambarau na udume vinarithiwa pamoja, mkulima ataling'oa dume likiwa na majani manne tu. Rangi ya kila mche ninayo daftarini tangu ulipoota. Maua nitayaandika kwa siku moja, yakishafunguka yote.

Alhamisi, 10 Septemba
Bwana Mkuu wa kituo amepita. Anataka jedwali mwisho wa mwezi. Bila jedwali la kueleweka, shamba linakuwa la pamba na mimi napelekwa Geita kulima kabeji za mgodini. Aliyasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniudhi. Kichwa kinauma tangu asubuhi.

Ijumaa, 18 Septemba
Nimetoka hospitali. Siku sita za malaria. Nimefika shambani kwa fimbo.

Wameyakata.

Mama Kulwa aliona magugu yamenishinda, akaita elika, vijana wa kijijini wanaolima kwa ngoma. Akawachinjia mbuzi wetu. Wamepalilia vizuri mno. Kisha wakakata madume na kung'oa visiki, maana kwao kumwachia mgonjwa madume shambani ni kazi nusu. Mashimo sitini na matatu. Na maua sikuwa nimeandika hata moja. Hilo ni kosa langu, si la mtu mwingine.

Hata hivyo nimemfokea mke wangu mbele ya majirani. Sikujua nina sauti ile.

Jumamosi, 19 Septemba
Sikuamka. Sitaki uji. Sitaki kuonwa.

Jumatatu, 21 Septemba
Wazo. Waliyoyakata ni madume, na rangi ya kila shimo ninayo daftarini. Basi hesabu ipo! Nimekaa nayo hadi mchana. Mashimo sitini na matatu: zambarau hamsini na nne, kijani tisa. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Jedwali nimeliandika kwenye karatasi safi, mistari kwa rula.

Jumanne, 22 Septemba
Nimekwenda kwa Masunga, kiongozi wa elika, kutoa shukrani kwa shingo upande. Nikamuuliza jambo moja tu: mipapai iliyokuwa bado haijatoa maua waliifanyaje.

Akajibu kwa fahari. "Hatukuiacha yote, Bwana Shamba. Ya kijani tuliiacha. Yenye rangi ya damu tuliikata. Si wewe mwenyewe ulituambia kwenye harusi ya binti yangu kwamba hiyo ni madume?"

Nilisema. Nilikuwa nimekunywa, watu wananisikiliza, nikajigamba kwa jambo ambalo sijalijua. Sasa jedwali langu zuri halionyeshi mipapai inarithi nini. Linaonyesha kwamba watu walinisikiliza.

Alhamisi, 24 Septemba
Karatasi iko mezani. Nikiipeleka hakuna atakayejua. Halafu wakulima wa hapa Mhunze watang'oa majike yao kwa neno langu, nami nitapewa shamba kubwa zaidi. Najua hivyo, na bado naitaka. Najichukia.

Sijasema na Mama Kulwa tangu siku ile.

Ijumaa, 25 Septemba
Bado naitaka.

Jumapili, 27 Septemba
Baada ya misa Mama Kulwa alichukua daftari mezani, akanipa, akaniambia nivae viatu. Siku ya elika alikuwa jikoni akiwapikia. Alipotoka, mipapai ilikuwa imeshalala chini. Yeye ndiye aliyeiburuta hadi kwenye boma, mmoja mmoja. Mimi sikumuuliza. Nilikuwa nafoka.

Tukaanza mstari wa kwanza. Kwenye kila shimo akataja alichokiona: huu ulikuwa na maua ya kuning'inia. Huu bado. Huu bado. Sikumwamini. Mara mbili nilimrudisha kwenye shimo tulilokwisha kulipita, nikajifanya nimesahau. Akanipa jibu lilelile, bila kukasirika.

Mstari wa tatu, shimo la nane, alisimama muda mrefu. Akageuka huku na huku, akaangalia mpapai jirani.

"Hapa sikumbuki, Baba Kulwa. Usiandike."

Alisema hivyo kwenye mashimo kumi na moja. Baada ya lile la kwanza sikumtega tena.

Yaliyokuwa na maua ya dume ni thelathini na matatu: ishirini na nne zambarau, tisa kijani. Kwa hiyo rangi na udume huenda pamoja mara nyingi, si kila mara, na mtu akinitaka niseme zaidi ya hapo sina. Mashimo thelathini, ya mipapai isiyokumbukwa na ile iliyokuwa bado, nimeyaacha wazi kwenye jedwali. Ile karatasi safi tumewashia moto wa chai. Bwana Mkuu huenda akaikataa hii mpya, na kabeji zikanisubiri Geita.

Chini ya jedwali kuna nafasi ya jina la aliyehesabu. Nimeandika majina mawili, na la kwanza ni lake. Nilipomwonyesha aliniuliza kama nimeliandika sawasawa. Nikamsomea.