Kengele ya Mama na Mkono Unaotetemeka

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma, kwenye meza ya cherehani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Salamu kwanza, maana najua ukiona barua yangu ndefu moyo unakuruka. Tulia. Hakuna aliyekufa wala aliyelazwa. Sisi tu wazima, ni mafua ya hapa na pale tu. Wewe je, mgongo umeachia? Wifi anaendeleaje na masomo yake ya jioni? Watoto waambie shangazi yao bado anadai ile picha waliyomchorea wakasahau kuituma.

Huku mvua zimekatika na ukuta wa jikoni umeanza kukauka. Mama mdogo bado anakuja kukaa na mama ninapokuwa kazini, na bado anasinzia kwenye kochi asubuhi asubuhi kisha anakana. Mimi niko kwenye karakana ile ile tuliyojifunzia sote wawili, nafufua mashine za kufulia ambazo wenyewe wameshazikatia tamaa. Tumepata meza mpya, ila bosi ni bahili wa taa vile vile.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, maana kwenye simu mimi na wewe hugombana kabla sijamaliza sentensi. Jambo lenyewe ni ile kengele uliyomtengenezea mama.

Unakumbuka tulivyokubaliana: mama aivae shingoni, akipata shida abonyeze kitufe, sauti ilie sebuleni. Ilipofika niliifungua, nikaitazama, nikajisikia fahari kuwa na kaka. Lehemu safi, programu imeandikwa kwa utulivu. Kisha mwezi uliopita mama akaanguka msalani, na kengele haikulia. Mama mdogo alimkuta sakafuni alipomfuata na chai.

Nilimwuliza mama, "Ulibonyeza?" Akasema, "Nilibonyeza." Tukatazamana mimi na mama mdogo, kama watu wazima wanavyotazamana mtoto akisema amenawa mikono. Nawe ukasema mashine haina kosa, mama ndiye anayeanza kusahau, afadhali aende kwenye nyumba ya kutunzia wazee kabla hajaanguka tena. Ukaomba nafasi, tukapewa, na jibu wanalitaka kabla mwezi huu haujaisha. Sikukupinga. Nilikuwa nimeshika tama tu.

Lakini unanijua, sipendi kitu kinikatae bila kunipa sababu. Niliibeba kengele karakanani. Nikabadilisha betri, nikabadilisha na kitufe. Nikaiunga na programa yetu, kile kifaa cha kupakia programu, ambacho pia kinakuwezesha kuchungulia kwenye kompyuta chipu ya ndani ya kengele inafanya nini ikiwa kazini. Nikabonyeza, ikalia. Nikabonyeza polepole, kwa nguvu, kwa kidole gumba, hata kwa kiwiko. Ikalia kila mara, mpaka bosi akasema atanitoa nje mimi na kengele yangu. Hapo nikaanza kukubaliana na wewe, na niliumia sana.

Jumapili iliyopita nikarudisha vyote nyumbani, nikaketi kitandani kwa mama nimalizie kuchungulia. Waya mmoja wa ile programa umelegea, ukiuachia tu kompyuta inasema haioni chipu. Kwa hiyo mkono wa kushoto umebana waya, wa kulia uko kwenye kompyuta, na wa tatu Mungu hakunipa. Nikamwambia, "Mama, hebu nibonyezee hicho kitufe."

Akabonyeza. Kengele kimya.

Uliandika kwamba kitufe kikishikwa chipu ianze kuhesabu upesi upesi, ikifika ishirini kengele ilie, na kikiachiwa katikati hesabu irudi sifuri. Kaka, nilikuwa naitazama hesabu hiyo kwenye kioo cha kompyuta. Tano, sifuri. Nane, sifuri. Tatu, sifuri. Nikainua macho nikamwona mama ameuma meno, anabonyeza kwa bidii yake yote, na kidole hakitulii. Mkono wake siku hizi unatetemeka hata akishika kikombe. Kila alipobonyeza, programu ilikuwa ikiamua kwamba huo ni mtikisiko tu, hakuna mtu.

Sikulaumu, na usijilaumu. Sharti hilo kila fundi huliweka, la sivyo kengele ingelia mama akijigeuza tu kitandani. Ningekuwa mimi ningeandika vivyo hivyo, kwa kidole changu hiki kizima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tena ulipoiandika mkono ule ulikuwa bado una nafuu, na kwenye simu mkono hauonekani.

Sharti sikuliondoa, nimelilegeza. Sasa kidole kikiteleza hesabu inapungua moja, hairudi sifuri. Nikapakia upya, mara ya kwanza ikakataa kwa ajili ya ule waya, mara ya pili ikakubali. Faili nimekutumia kwa barua pepe uikague, maana jicho lako ni kali kuliko langu. Nikamwambia mama, "Jaribu tena." Mkono ukacheza weee, kisha kengele ikalia nyumba nzima. Mama mdogo, aliyekuja kutusalimia akaishia kochini kama kawaida yake, alitokea mlangoni na kiatu kimoja akiuliza moto uko wapi. Tulicheka mpaka mama akashika mbavu.

Sasa hatupumziki. Anabonyeza apewe maji, anabonyeza dirisha lifunguliwe, anabonyeza aulize nani amepita barabarani anaongea vile. Juzi nikamwambia, "Mama, hii si redio." Akanijibu, "Si ninyi mlioniambia nibonyeze?" Mtu anayejibu hivyo, kaka, hajasahau kitu.

Kwa hiyo nakuomba uwapigie wale wa nyumba ya wazee, uwaambie nafasi ile wampe mwingine. Siku mama atakaposhindwa kweli nitakuambia, sitajifanya shujaa. Lakini tusimtoe nyumbani kwake kwa sababu ya hesabu iliyokuwa ikirudi sifuri. Wapigie wewe mwenyewe, maana ndiwe uliyeomba, na ukimaliza umpigie mama.

Limebaki jambo moja ambalo nimelizunguka tangu nianze kuandika. Siku ile, baada ya kicheko, nilimweleza mama polepole kwamba muda wote huo kengele ilikuwa haitufikishii wito wake. Nilijiandaa atugombeze, kwa kuwa tulimwona mwongo. Alikisugua kitufe kwa kidole. Kisha akasema, "Kumbe. Mimi nilijua mnasikia, ila mmechoka."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyekwisha kutusamehe siku nyingi, akaendelea kubonyeza hivyo hivyo. Nilitoka nje nikalia. Aliniomba nisikuandikie hayo, eti utashindwa kula. Nimekuandikia kwa sababu alikuwa akituita sote, si mimi peke yangu.

Mama mdogo anakusalimu, na anasisitiza kwamba hakuwa amelala. Bosi naye anakusalimu, anasema bisibisi yake ndogo uliondoka nayo. Msalimie sana wifi, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu, hata yule asiyetaka kukumbatiwa. Mungu awatunze huko mliko, akupe nguvu za mgongo na wepesi wa moyo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ninapokukosoa,

Kitindamimba