Mchumba Wangu Alinitafsiria Gemu kwa Uongo

Bi Sharifa, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Rulenge, jina langu naomba ulifiche, nina miaka ishirini na minane, sijaoa ila nilikuwa naelekea huko, na nakuandikia wewe kwa sababu jambo hili paroko siwezi kumwambia, katekista nilianza kumwambia nikaishia njiani, na mama yangu nikimwambia atacheka.

Wakati Warundi walipokuwa bado kambini Lukole mimi nilikuwa kijana wa shule, na likizo kazi yangu ilikuwa kupeleka mikungu ya ndizi kwa baiskeli kwenye soko la pale, na ndizi zikiisha sirudi nyumbani, naingia kwenye banda la Habimana, mkimbizi aliyekuwa na jenereta, televisheni ya kichogo na mashine ya gemu, na gemu yenyewe ilikuwa moja tu, ya mtu mwenye upanga anayepita vijiji vya watu akipigana hatua kwa hatua, sisi tukimwita Gahungu, na nakuambia kweli Bi Sharifa hakuna kitu nilichokipenda duniani kama gemu ile. Maneno yake yote yalikuwa ya Kiingereza, yanapita chini ya kioo kwa herufi ndogo, sauti inamezwa na jenereta, na Kiingereza chetu sisi kilikuwa cha kumsalimia mwalimu tu, kwa hiyo Habimana akamweka mpwa wake Ishimwe awe anatafsiri, kama wale wanaotafsiri filamu kwenye mabanda ya video. Binti anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anasoma, anatupa maana kwa Kirundi, ambacho na Kihangaza chetu havipishani sana, na akiona kuna mgeni wa Biharamulo anageuza kwa Kiswahili, wala hakwami hata mara moja.

Kwa tafsiri yake, Gahungu alikuwa anamtafuta mdogo wake wa kike waliyepotezana naye njiani, ile sauti ya mwanamke inayomwita kila mara ni ya mama yake anayemuuliza kama amekula, na yule jitu wa mwisho ni mtu aliyechukua shamba la baba yao. Halafu kuna hatua ya darajani, pale wanapita watu wenye mizigo kichwani, na hao Ishimwe alitukataza kabisa kuwagusa, alisema ni wapita njia na ukimpiga mmoja tu Gahungu atakufa, kwa hiyo miaka yote ile sisi darajani tulikuwa tunapita pembeni kabisa, kwenye ukingo, na wengi wetu tulitumbukia mtoni na kuanza upya.

Basi kambi ikafungwa, wakarudi kwao, mwaka wa matatizo yale ya juzi ya kwao Burundi Ishimwe akakimbia tena na mama yake, karatasi zake ziko sawa, akafikia kwa shangazi yake Kalista aliyeolewa hapa hapa kwetu, tukaonana kwaya, nikamkumbuka, akanikumbuka, na sitaki kukuchosha, posa ikapokelewa na matangazo ya ndoa yakaanza kusomwa kanisani, Jumapili ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ikabaki ya tatu.

Hapo ndipo mwalimu mwenzangu Privatus aliporudi kutoka Mwanza na habari kwamba gemu ile imetolewa upya kwa mashine za siku hizi, ni ile ile ila picha zimesafishwa na maandishi yamekuzwa, nikajinyima nikainunua pamoja na mashine yake ili iwe zawadi ya kumshtukiza Ishimwe tukishaoana, lakini nikasema niijaribu kwanza isije ikawa mbovu. Bi Sharifa, bora ingekuwa mbovu. Nilisoma kila neno. Gahungu hana mdogo wake, ni mtu wa kukodiwa aliyetumwa kuchoma vile vijiji, sauti ile si ya mama ni ya bosi wake anamuuliza kwa nini anachelewa, jitu wa mwisho ndiye anayetetea watu wake, na wale wa darajani ni wa kupigwa, tena wana pointi nyingi kuliko wote. Nikajaribu kuwapiga, dole gumba likagoma, nikajikuta napita ukingoni kama zamani, nikatumbukia.

Nikasema nimpe nafasi ya kujieleza. Nikamuuliza kwa upole, bila kumwambia nimenunua nini, yule mwanamke kwenye gemu ya mjomba wako alikuwa anasema nini hasa? Akacheka, akanijibu, "Alikuwa anamwambia asichelewe, mvua inakuja." Hata macho hakupepesa.

Sasa padri kila akisoma matangazo husema mwenye kujua kizuizi aseme, na mimi ni mtu wa dhamiri, nikaenda kwa Katekista Bonaventura nikamwomba tangazo la tatu lisisomwe kwanza, nikamwambia kuna jambo la nyuma la mwenzangu nalichunguza. Hakuniuliza zaidi, alinishika bega akasema, "Pole sana mwalimu, afadhali umejua mapema." Tangu hapo watu wamekuwa wema kwangu ajabu, hata waliokuwa hawanisalimu sasa wananipa pole njiani. Kalista tulikutana nikamwamkia hakuitikia, nadhani ana mawazo ya palizi, na Ishimwe kwaya haji tena, labda mafua, mwezi huu yamewashika wengi.

Swali langu ni hili, mtu aliyeweza kunidanganya kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, akiwa mke wangu atanidanganya mangapi? Nimwoe au nimwache?

Mwenye Dhamiri, Rulenge.

BI SHARIFA ANAJIBU

Marahaba, mwalimu.

Umeniomba nifiche jina lako, nimelificha. La binti wa watu uliliandika waziwazi kila mstari, hukuona haja ya kulificha. Jina hilo la Ishimwe wanalolisoma wasomaji hapa nimempa mimi, na hao wengine wote pia. Tuanze na hapo, maana ugonjwa wako wote uko hapo.

Mimi ni Mwislamu wa mjini Biharamulo, matangazo ya kanisani hayanihusu, lakini nimeuza vitenge kwa Wakatoliki tangu sijaota mvi na najua tangazo likisimama watu husema nini. Likisimama la binti wa hapo hapo, watasema mahari haijakamilika. Likisimama la binti aliyetoka ng'ambo ya mpaka, tena baada ya bwana harusi mwenyewe kwenda kwa katekista na maneno ya "jambo la nyuma", watasema jambo moja tu: ana mume alikotoka. Wewe ulidhani Bonaventura anakupa pole ya gemu? Kalista hana mawazo ya palizi, bwana. Ana mawazo ya jinsi ulivyomvua nguo mtoto wa kaka yake mbele ya parokia nzima. Na Ishimwe hana mafua. Mtu aliyekwishapoteza nyumba mara mbili alibaki na jina lake tu, nalo umekwenda kulitia mashaka kwa sababu ya herufi za kwenye televisheni.

Sasa huo uongo. Watoto wa Warundi kule kambini walisoma mtaala wa kwao, na lugha ya kigeni waliyofundishwa ni Kifaransa. Wewe ni mwalimu wa lugha, hilo halikukupitia kichwani? Ninyi bila shaka mlimsikia akisoma Kifaransa chake cha shule, mkaona Kizungu ni Kizungu, mkampandisha kwenye ndoo. Mjomba wake amemwambia tafsiri, ninyi mmekodoa macho. Angesema nini? Alisema alichokuwa nacho.

Na tazama alichokuwa nacho. Nilipofika pale darajani, mwalimu, barua yako niliiweka mezani nikaenda kunawa uso. Binti amekuja nchi hii kwa miguu na mzigo kichwani. Anaona kwenye kioo watu wenye mizigo kichwani wanavuka daraja, na mbele yao vijana wa kiume wenye hamu ya kuwapiga. Akawaambia, hao msiwaguse. Wewe umeyaandika yote hayo kwa mkono wako na hukumuuliza hata mara moja alikuwa amemwona nani pale. Ulichouliza ni pointi.

Halafu unalalamika dole gumba lako limegoma. Mshukuru aliyelifundisha.

Na juzi ulipomuuliza sauti ile ilisema nini, akacheka akakuletea mvua, alikuwa anakukaribisha bandani, mpumbavu wewe mzuri, mkae tena kama zamani. Wewe ulikwenda na kalamu nyekundu.

Basi sikiliza. Leo hii, si kesho, nenda kwa Ishimwe. Usipeleke mashine. Mwambie ulichofanya kwa katekista, ukae kimya, akutukane mpaka achoke. Ukitoka hapo nenda kwa Kalista, umwamkie hata asipoitikia, umwombe radhi mbele ya mumewe. Kisha kwa Bonaventura, umweleze kizuizi chenyewe kilikuwa nini, neno kwa neno, mpaka gemu. Atacheka. Mwache acheke, na hao waliokupa pole njiani wakisikia wacheke pia, ni haki yao. Gemu ukitaka kuicheza icheze, lakini kile Kiingereza ulichokisoma kibaki chako. Siku akikuuliza mwenyewe, mwambie. Asipouliza, Gahungu anamtafuta mdogo wake, basi.

Wewe umeniuliza umwoe au umwache. Mimi nauliza kama yeye bado anakutaka, na hilo huna uwezo wa kulijibu.

Na kama baada ya yote haya bado unaona huwezi kuishi na mwanamke aliyetafsiri vibaya, sitakulazimisha. Lakini Jumapili usikae nyuma. Simama mbele ya watu wote useme kwa mdomo wako kwamba binti huyu hana mume popote, hana doa lolote, kosa lake pekee ni kwamba hakujua Kiingereza. Halafu kaa. Humo kanisani wamejaa makapera wasiojua Kiingereza, na watakuwa wamekusikia.